Kadi ya Manjano Niliyoirudisha

Awa, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Mwaka mmoja na miezi minne! Nimehesabu kwa miandamo, maana kalenda sina. Mwaka mmoja na miezi minne hukukanyaga uwanja huu, kisha unaingia na kibegi kama mtu aliyekuja kuulizia njia, unakaa siku nne, mbili kati ya hizo umelala, na kesho alfajiri unaondoka. Jogoo wangu alikufukuza mpaka mlangoni. Nilimwona na sikumkataza, kwa kuwa alikuwa anakufanyia niliyotaka kukufanyia mimi. Usiniambie masomo. Usiniambie barabara. Wakati wa vita watu waliipita barabara hiyohiyo kwa miguu, vyungu kichwani na wazee mgongoni, sembuse wewe mwenye nauli.

Basi, nimekwisha kugomba. Ningeweza kuendelea, lakini anayegomba sana mara nyingi ana lake analolifunika, na mimi ninalo.

Sasa hivi umekwenda kuwaaga majirani. Ukishaingia kwa Bi Rehema hutatoka kabla ya magharibi, namjua yule mwanamke na naujua muhogo wake wa nazi. Nimefunga mlango, nimekaa mkekani, naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kwa sababu ndizo nilizopewa. Shule sikuwahi kuingia, hata kwa kuchungulia dirishani. Ukiona mistari inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, soma hivyohivyo. Ningeweza kumwita mtu mwenye mkono mzuri aniandikie, lakini ningeanza kujipamba mbele yake, na kabla hatujafika katikati ningekuwa nimesema uongo tena. Wewe nilikupeleka chuo cha Kurani ukiwa na miaka mitano ukazijua herufi hizi. Faida yake ni leo: mtu wa tatu hayupo.

Sikuandikii habari ya chakula wala kufunga mlango wala wanaume. Wanaume utawajua mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyosema jana tulipokuwa tunachambua mchele.

Ulikuwa unamweleza Bi Rehema kazi unayoiendea Pemba, hii yetu ya Msumbiji, kwamba mtapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana homa, nani anakohoa, nani ana mimba, nani ana pumu, moshi wa jiko unatokea wapi. Rehema akacheka mpaka ungo ukamtikisika. "Mafua? Umekaa darasani miaka yote hiyo, Awa, ukasomea mafua? Si ungeniuliza mimi, ningekwambia ni makamasi!"

Ukamjibu kwa upole: "Bibi Rehema, mafua ni yaleyale, lakini mmoja anapiga chafya siku tatu anarudi shambani, mwingine anazikwa. Tunataka kujua kwa nini."

Hukujua, ila maneno hayo si mara ya kwanza kusemwa uwanjani kwangu. Miaka kumi na saba iliyopita mwanamke mwingine aliyasema, amesimama palepale ulipoegemeza baiskeli ya jirani.

Halafu ukaongeza. Ulisema: "Mama yangu alikufa kwa sababu infermera, yule muuguzi, alichelewa. Mimi nitakuwa yule asiyechelewa. Na yule mwanamke bado yupo Pemba, nimemuulizia. Dona Celeste. Nitamtafuta, nimtazame machoni, nimuulize alikuwa wapi siku ile." Kisha ukaweka mkono juu ya goti langu, hili bovu, ukamwambia Rehema, "Bibi huyu amenilea peke yake, na hajanipiga hata siku moja."

Nikainuka nikasema nakwenda kutazama moto. Moto haukuwapo. Nilisimama jikoni mbele ya mafiga baridi mpaka mkaniita.

Awa, Dona Celeste hakuchelewa. Na mimi nilikupiga.

Nimefungua mdomo mara tatu tangu uje, mara zote tatu nikakuuliza kama umeshiba. Sasa nakaza mkono niandike yote, na nikiruka kitu nitarudi.

Mama yako Sakina, baada ya kukuzaa wewe, aliharibikiwa na mimba mbili. Ya kwanza tuliisema mapema, harusini, kwa furaha, na kabla mwezi haujaandama mara ya pili ikatoka. Ya pili hatukuisema kwa wengi, nayo ikatoka. Mimi nikakata shauri kwamba ni midomo ya watu. Wajua kwetu mimba haipigiwi ngoma, tumbo hujisema lenyewe likifika wakati wake. Hayo tuliyakuta kwa mama zetu na mpaka leo sisemi ni mabaya. Mimi niliyazidisha. Alipopata ya tatu nilimfunga nguo za kapulana mbili, moja juu ya nyingine, nikamkataza kukaa barazani, nikamkataza hata kwenda kupimwa hospitalini, kwa kuwa foleni ya wajawazito ina macho mengi. Baba yako alikuwa ng'ambo ya Ruvuma na biashara zake za Mtwara, hata yeye nilisema asiambiwe kwa simu. Simu nayo ina masikio. Ndivyo nilivyokuwa.

Mwaka huo ndipo watu wa utafiti wa mafua walipofika hapa kijijini kwetu Kionga. Walikuwa wachache, na aliyepangiwa upande wetu alikuwa Dona Celeste, msichana mwembamba, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimwani cha pwani ya kusini, anatamka maneno kama mtu anayeonja mchuzi. Nilikuwa nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Akavua viatu kabla sijamkaribisha. Akaniambia yale niliyokwisha kukuambia, ya chafya na ya kuzikwa, kisha akaanza maswali.

Wangapi wanalala humu? Nani anapika, na moshi unatoka wapi? Yupo mwenye pumu? Yupo mwenye sukari? Yupo aliyepita miaka sitini?

Nikamwambia, "Mimi sijui nilizaliwa lini. Muulize mama yangu, yuko makaburini pale, nenda, anapokea wageni."

Akacheka kweli, si kwa adabu tu. Nikaanza kumpenda. Halafu akauliza, "Yupo mjamzito?"

"Hakuna."

Wewe ulikuwa umekaa kando ya mtungi, na miaka saba yako na meno mawili ya mbele yameng'oka. Ukasema, "Yupo. Mama ana mtoto, anacheza humu," ukajishika tumbo lako wewe.

Niliinuka kwenye mbuzi nikakuzaba kofi. Mkono ulikuwa na nazi. Nikamwambia mgeni, "Mtoto huyu mwongo. Anatamani mdogo wake, basi anaota mchana." Hukulia mbele yake. Ulibaki umenitazama, nazi imekuganda shavuni, unashangaa umekosa nini. Ulikuwa umesema kweli. Sikukufuta hata ile nazi. Na jana unamwambia Rehema sijakupiga, nami nakusikiliza.

Mama yako alikuwa chumbani, amesikia yote. Mgeni alipoondoka akatoka, akasema polepole, "Mama, yule ni mtu wa hospitali. Si mtu wa kijicho." Nikamwambia anyamaze. Alikuwa mtoto mtii sana, Sakina. Mpaka leo naumia kwa utii wake.

Utafiti wao ulikuwa hivi. Waliowaona wako hatarini, wazee, wachanga, wajawazito, wenye pumu, waliwapa kadi ya manjano. Mwenye kadi akishikwa na homa, ukipeleka habari kituoni walikuja siku ileile na gari, hawangoji azidiwe. Wasio na kadi waliulizwa hali zao mara moja kwa juma, basi. Gari lilikuwa moja na nyumba nyingi.

Wiki ya tatu Dona Celeste akarudi. Akachuchumaa karibu yangu kabisa, akashusha sauti. "Mama, kama yupo, hata wa mwezi mmoja, simwambii mtu. Jina siandiki. Naandika namba." Nikamuuliza, "Wewe una watoto wangapi?" Akasema hana. "Basi tafuta wako, usiwapekue wenzio." Alipoinuka aliacha kadi ya manjano mkekani, ameigeuza uso chini, kana kwamba imemwanguka. Alikuwa anajua. Alikuamini wewe na kofi lako kuliko mimi na mvi zangu.

Nilimfuata mpaka njiani. Nikamwambia, "Umesahau kitu chako," nikamtia kadi mkononi.

Mvua zikaingia, na kikohozi kikaingia kijiji kizima. Mimi niliugua siku mbili, wewe siku tatu, tukapona. Mama yako alianza Ijumaa. Jumamosi Dona Celeste akapita, akasikia kukohoa ndani, akaomba amwone. Nilisimama mlangoni na upana wangu wote wa wakati ule. Nikasema, "Ni mafua tu, na yuko katika siku zake, hawezi kuonwa na mgeni." Yuko katika siku zake, Awa! Nilitafuta uongo utakaofunga mlango vizuri na nikaupata. Akaandika. Akasema, "Akianza kuhema mbiombio, mama, usingoje asubuhi, nitumie mtu."

Jumapili alihema mbiombio. Nikampiga nyungu. Nilichemsha majani, nikamwinamisha juu ya chungu, nikamfunika mablanketi mawili. Humo ndani akaniambia, "Mama, sipati pumzi." Nikamjibu, "Vumilia, ndiyo dawa inaingia."

Nimeweka kalamu chini nikaishika tena. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa na akili zake timamu.

Jumatatu kucha zake zilikuwa rangi ya zambarau. Nikamtuma mtu kituoni. Maji niliyoyaweka motoni hayajachemka, gari likawa uwanjani, na Dona Celeste akashuka peku, viatu kaviacha alipokuwa. Ndivyo alivyochelewa. Akafungua kapulana ya kwanza asikilize kifua, akafungua ya pili, akaona tumbo la miezi sita. Akaniinulia macho. Akasema, "Mama. Ningemchukua Jumamosi."

Tukampakia garini tumpeleke hospitali ya Palma. Mama yako alikata roho njiani, kwenye mikorosho, Palma haijaonekana. Yeye na aliyekuwamo.

Sijui kama kadi ingemponya. Wewe uliyesoma labda utajua. Pengine ungeniambia wengine hufa hata wakiwahiwa. Nimejaribu kulikumbatia neno hilo miaka yote hii na halikubali kukaa.

La mazishini ndilo ninaloliona aibu kuliko yote, maana lile la kwanza nilifanya kwa ujinga na hofu, na hili nilifanya nikiwa na macho makavu. Wanawake walijaa ndani. Mmoja akauliza, "Na wale wa utafiti, na gari lao lote, walikuwa wapi?" Nikasema, "Walichelewa." Dona Celeste alikuwa amesimama ukutani miongoni mwetu, amejitanda, viatu mkononi. Amekuja kuzika. Alisikia. Wote wakamgeukia. Angesema neno moja tu ningeanguka pale nilipo, na hakulisema.

Baada ya hapo milango ilifungwa. Kila nyumba aliyopiga hodi waliitika kimya. Waliokuwa na kadi wakazichana. Mwisho wa mwezi wakaondoka, kazi haijaisha. Alikuja kuniaga, nami sikumfungulia. Akasema kwa nje, "Mama, mtunze yule mtoto. Yule anajua kusema kweli." Nikamsikia akivaa viatu, akaenda zake.

Na wewe ulipokua ukaniuliza mama yako alikufaje, nikakupa uongo uleule, tayari umepoa, umekatwa vipande vya kumtosha mtoto. Hukuutema. Umeukulia, na umekutoa mpaka chuoni Pemba ukasomea uganga wa watu. Nakuona unavyojivuna, nami najiona kama mtu aliyekupa maji ya kisima alimokwisha kutupa mzoga.

Mambo ya kazi yako mimi siyajui, lakini uongo naujua, nimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mzee akikuchekesha kabla hajakujibu, muulize tena. Akikuuliza una watoto wangapi, ujue umekaribia. Usiulize habari za tumbo mbele ya mama mwenye nyumba. Omba maji, umfuate binti anakokwenda kuyachota. Mtoto akisema jambo na mkubwa akamkatiza, sikia la mtoto. Na mtu akikuambia "ni vumbi tu", usiandike vumbi. Juzi umeniuliza kifua changu kinalia nini nikasema vumbi la mpunga. Unaona? Hata sasa. Kinanilia tangu tulipokuwa ukimbizini, na nikipanda mteremko wa kisimani nasimama mara nne.

Wala usituchukie tunaokudanganya. Sikumdanganya Celeste kwa kumchukia. Nilikuwa namlinda mwanangu kwa mikono miwili, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyomziba pua.

Ukifika Pemba mtafute kama ulivyosema. Mtazame machoni kama ulivyosema. Ila usimuulize alikuwa wapi. Mwambie wewe ndiye yule mtoto wa nazi shavuni, na bibi yako ametaja jina lake leo bila kulisingizia. Akitaka barua hii msomee, hata palipo pabaya. Mimi nami sitangoja ufike. Ukishaondoka kesho nakwenda kwa Rehema, kwa kuwa ndiye aliyeuliza lile swali mazishini, nimwambie jibu. Atapiga kelele. Kufikia magharibi kijiji kizima kitajua, na ndivyo ninavyotaka, yule mwanamke hahitaji simu.

Radhi sikuombi humu. Karatasi haina macho, nami nataka kukuona macho utakaponipa au kuninyima. Ukikasirika, kasirika. Ukitaka kukaa mwaka mwingine na miezi minne, sitagomba, na jogoo nitamchinja. Lakini nakuomba hili, na ukiniheshimu hata chembe utanifanyia.

Utakapokuja tena, usiingie ndani kama mjukuu. Piga hodi. Vua viatu nje. Njoo na karatasi zako zilezile za kazi, kaa mkekani mbele yangu, usiniite Bibi, uniulize swali moja baada ya jingine kama unavyowauliza wengine. Wangapi wanalala humu, moshi unatoka wapi, nani ana kifua. Nitajibu la kifua changu. Na ukifika pale mnapouliza kama yupo aliyekufa kwa mafua katika nyumba hii, usiliruke eti kwa kuwa unajua. Liulize kwa sauti, kisha ungoje. Nitasema: Sakina, binti yangu, alikuwa na mimba ya miezi sita, na niliulizwa mara tatu. Uandike nikiona. Na nikichelewa kujibu, Awa, usinisaidie.

Bibi yako